GATPA kwa materinite, kabini kwa kartie: mbona umeme wetu bado unangoja mpaka iungue?

Volti_wa_Kadutu

Jambo ba ndugu na ba dada. Uzi huu utakuwa murefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi niko fundi wa umeme hapa Bukavu, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kwa vituo vya afya, sola, batri, kurekebisha nyaya zenye zilifungwa vibaya. Kuzunguka kwa hizo materinite (nyumba za kuzalia) kumenionyesha kitu chenye kinanisumbua: watu wa uzazi waliacha zamani ile tabia ya kungoja shida ije ndio wakimbie, sisi watu wa umeme bado tuko palepale.

Kwa wenye hawajui, GATPA ni ile kazi inafanyika mtoto akishatoka na kondo la nyuma bado liko ndani. Zamani mkunga alikuwa anangoja litoke lenyewe, damu ikizidi ndio mbio zinaanza. Sasa hapana, ndani ya dakika moja mtoto akishazaliwa mama anapigwa oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, unite 10 kwenye msuli, KILA mama, hata yule mimba yake ilikuwa sawa toka mwanzo, juu hakuna mtu anaweza kukuambia mbele nani atatoka damu. Waingereza walilinganisha njia zote mbili kule Bristol, majibu yakatoka 1988: upande wa kungoja, wamama karibu 18 kwa 100 walipoteza damu nusu lita ao zaidi, upande wa kusimamia mapema karibu 6. Theluthi moja tu!

Sasa twende kwa kabini ya kartie yako, kile kijumba cha transfo ya mtaa. Mtandao wetu ulipigwa hesabu na watu wenye waliamini umeme unatoka juu unashuka chini, barabara ya upande mmoja, unaweka transfo, unavuta waya, unafunga mlango, unasahau. Mtambo wa maji wa Ruzizi I ulianza 1958, fikiria Bukavu ya 1958 ilikuwa na watu wangapi. Leo kwa waya ileile kuko saluni, kuko soderi, kuko muzungushaji wa unga, kuko nyumba zilipanda mpaka juu ya mlima, kuko wenye sola na invata (kile kifaa kinageuza umeme wa sola na batri uwe wa nyumbani), na kati ya kabini na nyumba yako HAKUNA mtu anapima chochote. Tunajua transfo ilikuwa imezidiwa siku yenye inaungua. Halafu avenue nzima inaanza kuchanga pesa.

Na isiwe mtu aniambie ni mambo ya wazungu wenye pesa. Orkney, visiwa vya kaskazini ya Scotland, walikuwa na shida ya kinyume, upepo mwingi mno na kebo mbili tu za chini ya bahari za kupeleka umeme inchi kavu. Kebo mpya ingekula kama pauni milioni 30. Toka 2009 wakaweka vipimo kwenye sehemu zenye waya zinabanwa, na kompyuta yenye inaambia mitambo ya upepo "punguza" pale tu waya inakaribia kujaa, ikaisha kwa kama pauni nusu milioni. Walichagua njia hiyo kwa sababu pesa ya kebo haikuwa rahisi kutoka.

Swali langu: kwa nini sisi hapana?

---

Nyota_Birere

Nasoma huu uzi simu iko asilimia 9 na kuran (umeme) imeenda toka asubuhi 😂 endeleeni tu

---

Akushezi_Ibanda

Kaka Volti, asante kwa kututaja sisi wakunga, si kila siku. Lakini umepita haraka mahali penye utamu wote uko, acha nikurudishe nyuma kidogo.

GATPA yenye sisi tulifundishwa shuleni ilikuwa vitu vingi pamoja: sindano, kukata kitovu mbio mbio, kuvuta kitovu, halafu kukanda tumbo. Ukiuliza kwa nini yote unajibiwa ni paketi. Baadaye watu wakaanza kukipima kimoja kimoja. Kukata kitovu haraka kukaondolewa, juu mtoto anakosa damu yake, sasa tunangoja dakika moja mpaka tatu. Kuvuta kitovu kukachunguzwa kwa wamama kama 24,000 wa inchi nane, majibu 2012, wakaona ukiacha kuvuta tofauti ya damu nyingi sana ni ndogo mno, kwa hiyo OMS (shirika la afya la dunia) ikasema mwenye ujuzi anaweza kuvuta, mwenye hana ujuzi asiguse. Na ni haki, juu ukivuta bila kusukuma tumbo la uzazi kwa mkono mwingine linaweza kugeuka likatoka nje, na hapo mama unamupoteza huku unaangalia. Kukanda tumbo muda wote kwa mama mwenye amepata oksitosini nako kukatolewa. Tunagusa tu kuona kama limekaza.

Kwa hiyo kitu kilibaki na nguvu ni sindano. MOJA. Watu wanaona kusimamia mapema ni kuwa na mikono mingi kwa mama, na si hivyo, kazi yenyewe ilizidi kupungua kadiri tulivyopima. Kama kwenye materinite yenye unapita kuko karatasi ya GATPA ukutani bado inasema masaji ya kuendelea, uwaambie waitoe.

Na kuko jambo fundi hawezi kusahau: oksitosini inalala kati ya digri 2 na 8. Ikikaa kwa joto inapoteza nguvu bila kubadilika rangi. Unapiga sindano, unaandika kwenye fishi GATPA imefanyika, na ndani ya ile ampule imebaki nusu ya dawa. Ndio nacheka (kwa uchungu) nikiona unalinganisha materinite na umeme kama vitu viwili. Kwetu ni kitu kimoja.

---

Muzee_Kabini

Nimetumika kwa mitandao ya umeme tangu nikiwa kijana, niko pensheni sasa. Volti mdogo wangu, unaandika vizuri lakini unaweka gari mbele ya ng'ombe.

Orkney walikuwa na umeme umewazidi. Sisi hatuna. Ruzizi I ni megawati 29.8, Ruzizi II ya 1989 ni 43.8 na hiyo tunagawana inchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi III ya megawati 206 tunaimba jina lake miaka na miaka. Hata ulete kompyuta ya kutoka mbinguni haitazaa megawati. Na ukitaka kujua nini kinasimamisha mashine mara nyingi, enda uangalie mlango wa maji: chupa za plastiki. Ziwa Kivu linazikusanya kutoka pande zote, zinateremka mpaka Ruzizi, zinaziba, turbini inasimama, watu wanashuka kuzitoa. Yule mwenye anatoa plastiki anafanya kazi kubwa kuliko vipimo vyako vyote.

Halafu mnasema hatusimamii. Delestaji ni nini? Kila siku mtu yuko dispatching anaangalia masafa, hezi 50 ikianza kushuka anakata fida moja (laini yenye inalisha kartie kadhaa), anarudisha ingine. Asipokata na mashine zikazidi kulemewa, relei zinakata zenyewe, na wakati huo hazichagui hospitali wala baa. Hiyo kazi tumeifanya kwa simu na kalamu, usiku, bila mtu kutuita jina lolote la kifahari.

---

Volti_wa_Kadutu

Muzee heshima yako, na plastiki nakukubalia mia kwa mia. Dada Akushezi umenipa maneno ya mwezi mzima.

Lakini muzee, delestaji ni kusimamia kwa upanga. Unakata fida nzima, kartie tatu nne gizani, juu huna njia ya kugusa kitu kidogo chini yake. Na kule chini ndiko tunapoteza umeme wenye tayari tuko nao! Nikupe mfano wenye kila fundi hapa anaujua. Transfo ya kartie inatoa fazi tatu. Kila mtu anayekuja kuungia nyumba anapanda nguzo anafunga kwa fazi yenye iko karibu na ngazi yake. Miaka kumi baadaye fazi moja imebeba avenue nzima, ya pili nusu, ya tatu inapumzika. Transfo kwa jumla haijajaa, lakini fazi moja inachemka, mwisho wa laini watu wanapata volti 150 frigo inanguruma tu haigandishi, na nyutro inapitisha kuran yenye haikupaswa kupita pale. Siku nyutro inakatika, wenye walikuwa na 150 wanashuka zaidi, wa fazi zingine wanapata 300 na kitu, televizyo zinapasuka avenue nzima. Na joto la waya halipandi sawasawa na kuran, ukiongeza kuran mara mbili joto ni mara nne.

Dawa yake haina kompyuta. Unaenda na pinsi amperemetriki (ile ya kupima kuran) saa moja ya jioni, wakati wote wanapika na kupiga pasi, unapima fazi tatu na nyutro, unaandika kwenye daftari, unahamisha nyumba kadhaa, unarudi wiki ijayo unapima tena. Ile KURUDI KUPIMA ndio naona wakunga wanafanya na sisi hatufanyi. Tukishahamisha tunaenda kunywa.

---

Mwana_Ndosho

Goma hapa. Ngoja niongeze kitu juu kwetu hali imekuwa tofauti kidogo miaka hii, kuna kampuni binafsi kadhaa na mitandao midogo. Mtambo wa maji wa Matebe kule Rutshuru ulifunguliwa 2015, karibu megawati 13, na kampuni ya Nuru waliwasha mtambo wao wa sola wa megawati 1.3 pamoja na batri hapa mjini 2020. Bei ni hadithi nyingine, tusiingie.

Nachotaka kusema ni kwamba mtandao mdogo hauna chaguo, lazima usimamiwe kila sekunde ao unakufa. Mtandao mkubwa una mashine nzito zinazunguka, mtu akiwasha moteri kubwa ule uzito unameza mshtuko. Mtandao wa sola na batri hauna huo uzito, invata ndiyo inatengeneza 50 yenyewe kwa hesabu.

Kuna ujanja mmoja naupenda sana. Batri ikijaa saa sita mchana na jua bado linapiga, sola zinaendelea kusukuma na hakuna pa kupeleka. Basi invata kubwa inapandisha masafa kidogo tu, juu ya 50, frigo yako haitajua. Lakini invata ndogo za sola zimepangwa kusikia: zikiona masafa yamepanda zinapunguza zenyewe taratibu. Hakuna waya ya mawasiliano wala intaneti, ujumbe unapita ndani ya umeme wenyewe. Kwa hiyo Volti mambo haya hayako mbali, yako tayari Kivu, ila yamekaa kwenye visiwa vidogo vidogo.

---

Lushois_243

Shikamo ba muzee, mie niko Lubumbashi. Bote munasema muzuri lakini hamujauliza swali lenye linauma: NANI banakata mbele?

Kule Orkney iko wazi, iliandikwa mu kontra, mwenye aliingia wa mwisho njo anapunguzwa wa kwanza. Unaweza kulia lakini ulisaini. Huku kwetu laini kubwa inatoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, toka 1982, ilijengwa juu ya mashaba ya mine. Inapita juu ya vijiji na miji inaenda zake, kuran yake ni ile ya upande mmoja (continu, si kama ya nyumbani), ya volti laki tano, kuichota katikati kungehitaji stasyo ya kuigeuza yenye bei ya kutisha. Njo vile mama wa kijiji anaanika nguo chini ya laini na usiku anawasha bujia (mshumaa). Hiyo haikuwa hesabu ya injinia, ilikuwa ni mutu alichagua.

Sasa muniletee kompyuta yenye inachagua nani azimiwe. Sawa. Nani anaipanga? Mimi naogopa hiyo tu. Materinite ya dada Akushezi iko kwa fida moja na baa, na mwenye baa anajua mutu wa kumupigia simu.

---

Muzee_Kabini

Lushois hilo ni neno. Wakati wetu kulikuwa fida za "kipaumbele" kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa inajua kubadilika usiku.

---

Stajiere_wa_Nguba

Samahani naingilia, niko mwaka wa mwisho wa médecine. Nakubaliana na Akushezi na nataka kuweka breki kidogo kwa Volti, juu kwenye tiba tulishaona kusimamia kukizidi kunaumiza.

Dublin, mwisho wa miaka ya 60, O'Driscoll na wenzake walianza kusimamia uchungu wote wa mimba ya kwanza. Njia ifunguke sentimeta moja kila saa, ikichelewa wanapasua chupa ya maji, ikichelewa tena wanaweka oksitosini kwenye damu, na mama kila mmoja ana mkunga wake hamuachi hata dakika. Dunia nzima ikaiga. Ila wengi waliiga dripu na saa, wakaacha ule mkunga mmoja kwa mama mmoja, juu ndio ghali. Marekani walipojaribu kwa utafiti, majibu ya 1995 yalionyesha haikupunguza kupasua mama (sezariani). Na 2018 OMS ikasema wazi kwamba sentimeta moja kwa saa ni haraka mno kwa wamama wengi, usiitumie peke yake kama sababu ya kuingilia.

Upande mwingine kabisa, kansa ya prostate. Uingereza waligawa wanaume 1,643 wenye kansa bado iko ndani ya tezi: upasuaji, miale, ao kufuatiliwa tu kwa vipimo vya damu. Baada ya miaka 15, majibu 2023, waliokufa kwa ile kansa walikuwa karibu 3 kwa 100 kwenye makundi YOTE. Na kwenye kundi la kufuatiliwa karibu robo walikuwa hai bado bila kupata tiba yoyote, wamejiepusha na kukojoa ovyo na mambo ya chumbani kuharibika. Wale wazee hawakusahauliwa. Walipimwa, wakapimwa, wakapimwa, na mkono ukakaa mfukoni mpaka kipimo kiseme toa.

Kwa hiyo swali langu kwa mafundi: mashine yenu inajua kukaa kimya?

---

Muzee_Kabini

Docta mdogo umeuliza vizuri, na hili acha nilijibu mimi.

Transfo kubwa ya posti ina kitu ndani kinaitwa reglere, kinapandisha na kushusha ngazi za volti bila kuzima. Mtu mpya kazini anafikiri kizuri ni kile chenye kinajibu mbio. Hapana. Tunakipa nafasi ya kuvumilia, volti ikicheza humo ndani kisiguse kitu. Halafu tunakipa muda, volti ikitoka nje ya nafasi, kingoje nusu dakika, dakika moja, kione kama inarudi yenyewe, juu labda ni moteri ya mtu inaanza tu. Ukiondoa ule muda, kinapanda kinashuka kinapanda usiku mzima, mafuta yanaharibika, vidole vya shaba vinaliwa, na unaua kifaa cha bei kubwa kwa kukitumikisha sana. Na kama posti mbili zinafuatana, ya chini inapewa muda mrefu kuliko ya juu, ili mkubwa aanze kwanza, zisigombane.

Niliyaweka hayo kwa mkono wangu. Kwa hiyo Volti, sikatai jambo lako. Nakataa tu mtu aje kuuza masanduku yenye taa za rangi wakati kabini haina hata fuzi za kweli, zimefungwa na waya ya shaba nene kama kidole. Pale fuzi ni waya ya shaba, vipimo vitakuambia nini? Vitakuambia saa yenye transfo ilikufa.

---

Volti_wa_Kadutu

Muzee hapo sina la kuongeza kwa fuzi, nimeona kabini yenye fuzi ni kipande cha fer à béton (nondo ya ujenzi) 😅

Lakini ona sasa tulipofika, wewe mwenyewe umesema nafasi, muda, na nani aanze. Hivyo vitatu ndivyo nataka viandikwe kwa kartie. Na kwa swali la Lushois, kipimo chenye wote wanakiona ndicho kinamfunga mikono yule wa simu za usiku. Kabini ikiwa na daftari lenye linasomwa na watu wa avenue, saa za kukatwa zimeandikwa, fida ya hospitali iko juu kwenye orodha na kila mtu anaijua, basi mwenye baa akipiga simu itaonekana kesho yake. Bila namba tunabaki na maneno ya "nilisikia".

---

Lushois_243

Ikiandikwa na ikibandikwa ku mulango, nakubali. Ikibaki mu ofisi, bure.

---

Akushezi_Ibanda

Wapendwa mumeongea vizuri, ila mimi leo usiku niko garde (zamu), mniambie kitu cha kufanya na frigo. Kuran kwetu inakuja masaa machache, mara usiku mara mchana. Kuko stabilizatere, kuko sola ndogo ya taa. Karbetosini, dawa ingine ya kuzuia damu yenye inavumilia joto, ile inakaa mpaka digri 30, tumesikia nayo toka 2018 lakini kwenye kabati yetu haiko. Misoprostoli, vidonge vya kazi hiyo hiyo, tuko nayo ya dharura.

---

Volti_wa_Kadutu

Dada, kwa mpangilio:

Kwanza temometa ndani ya frigo, si kwa mlango, katikati, na mtu mmoja kwa kila zamu anaandika asubuhi na jioni. Bila hiyo yote yanayofuata ni kubahatisha. Pili, kama ni frigo ya nyumbani, iko na kosa la kuzaliwa, mlango ukifunguliwa baridi yote inamwagika miguuni. Omba kwa zone de santé zile za chanjo zenye ukuta wa barafu, zinafunguka juu kama sanduku, zinataka kama masaa 8 ya umeme kwa siku na zikikatwa zinashika baridi zaidi ya masaa 20. Oksitosini inaruhusiwa kukaa na chanjo, mradi iwe na boksi yake imeandikwa jina, watu wasichanganye. Tatu, ile stabilizatere iwe na ucheleweshaji, kuran ikirudi ingoje dakika chache ndio iwashe kompresa, juu dakika za kwanza volti inaruka ruka na ndio zinaua frigo. Nne, taa ya chumba cha kuzalia isiwe kwa waya moja na frigo. Mkiwa na dijonktere (swichi ya kujikata yenyewe) moja kwa vyote, mtu akichomeka buyuwar (birika la umeme) ya chai inaruka, mnabaki gizani na frigo imezima, na kesho hakuna mwenye atakumbuka.

---

Akushezi_Ibanda

Dijonktere ni moja. Na buyuwar iko.

---

Muzee_Kabini

Andika masaa yenye kuran inakuja kwa wiki mbili, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwenye fishi ileile ya joto. Ukishapata, Volti aje na pinsi yake jioni, mimi nitakuja na orodha ya fida za upande wenu kama bado naikumbuka. Na hiyo buyuwar mpeleke kwa mlinzi kwanza, yuko na priza yake.